Maandalizi ya Safari ya Gari Binafsi Hifadhini

Ajiendeshaye kutoka Karatu hadi Serengeti hupita msitu wa Ngorongoro, nyanda kame za Olduvai, ambako mchanga wa majivu ya volkano huhamishwa na upepo, kisha mbuga za nyasi. Maandalizi yaanze nyumbani: tangi lijazwe, gurudumu la akiba likaguliwe, maji ya kunywa yawatoshe abiria kwa siku moja ya ziada. Ngorongoro na Serengeti zina mamlaka mbili. Ada hulipwa kila upande. Giza lisimkute msafiri njiani. Gari likiharibika, wote wabaki ndani. Afuataye msaada kwa miguu huenda akakutana na simba. Jirani aachiwe ratiba, ajue siku ya kuwatafuta wasiporejea.