Kiti cha Wadi Kikiwa Wazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi



Katibu ameniomba nijibu swali ambalo wanachama wa kutoka Migori na Homa Bay huuliza mara kwa mara: mjumbe wa wadi akifa au akijiuzulu, kiti chake hujazwaje?

Kila moja ya kaunti hizo mbili ina wadi 40, na kila wadi huchagua mjumbe mmoja. Kabla ya uchaguzi wa 2013 tulikuwa na madiwani, na baadhi yao waliteuliwa na Waziri. Siku hizi kiti cha wadi hakigawiwi na Gavana wala na Spika. Hujazwa kwa kura. Viti vya wale wanaoteuliwa kwa orodha za vyama ndivyo vina njia yake: hushikwa na anayefuata katika orodha ya chama hicho.

Kiti huwa wazi mjumbe akifa, akijiuzulu kwa barua kwa Spika, akikosa vikao 8 bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha, au akikihama chama kilichompeleka. Hapo Spika ana siku 21 za kuiarifu Tume ya Uchaguzi kwa maandishi. Sisi wa reli twajua kwamba dereva haondoi gari la moshi stesheni mpaka apewe kibali cha njia. Barua ya Spika ndiyo kibali hicho. Baada yake Tume humwarifu msimamizi wa uchaguzi, na siku ya wagombea na siku ya kura hutangazwa.

Lakini kibali hakifai kitu kama stesheni ya mbele haina mtu. Tangu mwanzo wa 2023 mpaka Julai 2025 Tume ilikaa bila mwenyekiti na makamishna, na viti vilivyokuwa wazi vikangoja. Tazameni Kasipul, huko Homa Bay. Kile ni kiti cha Bunge, si cha wadi, lakini nacho huanza kwa barua ya Spika. Mbunge Ong'ondo Were alipigwa risasi akafa Nairobi tarehe 30 Aprili 2025. Kura ilipigwa 27 Novemba 2025, yaani siku 211, na Katiba yataka kiti cha Bunge kijazwe kwa siku 90. Homa Bay hiyo hiyo, Seneta Otieno Kajwang alipofariki Novemba 2014, kura ilipigwa 12 Februari 2015, ndani ya muda. Migori, Seneta Ben Oluoch alifariki Juni 2018, na kura ikawa 8 Oktoba, muda ulipita.

Ndugu, msidhani ni hesabu tupu. Bunge la kaunti ndilo linalopitisha matumizi ya fedha. Kiti kikiwa wazi siku ile, nani atataja daraja lenu lililovunjika, au zahanati isiyo na dawa?

Sasa neno langu kubwa. Sheria hufunga uandikishaji wa wapiga kura mahali hapo tangu kiti kitangazwe kuwa wazi mpaka kura ipigwe. Basi aliyengoja msiba ndipo aende kujiandikisha, amechelewa. Wengi wetu twafanya kazi mbali na nyumbani. Mimi mwenyewe jina langu limo katika daftari la huku kazini; kiti cha wadi ya nyumbani kikiwa wazi kesho, nitasikia matokeo kwenye redio kama mgeni.

Kwa hiyo kila mmoja aamue leo ni wapi atapiga kura, aende kwa Tume, alitazame jina lake. Na kiti kikiwa wazi kwenu, nendeni watatu au wanne kwa karani wa bunge la kaunti, mwulize kwa adabu: barua ya Spika ilitoka tarehe gani? Andikeni tarehe hiyo, kisha hesabuni siku.