Kompyuta Zinapokataa Kuwaka kwa Mtandao



Chama cha msingi kinapopata kompyuta nyingi, diski moja iliyokwisha kutayarishwa huweza kunakiliwa katika nyingine zote kwa njia ya mtandao. Kazi ikikwama, fundi asibahatishe. Aitafute hatua iliyokatika.

Kwanza, kompyuta huomba anwani. Isipoipata, waya na swichi vikaguliwe. Baadhi ya swichi huchukua sekunde 30 kufungua njia, na kompyuta huacha kungoja mapema. Aidha, mashine mbili zinazogawa anwani katika mtandao mmoja huweza kuvurugana.

Pili, huomba faili la kuwakia. Anwani ikipatikana na faili lisifike, jina la faili na anwani ya seva vihakikishwe, tena ulinzi wa seva usizuie mlango 69 wa TFTP. Kompyuta za UEFI na za BIOS huhitaji mafaili tofauti.

Tatu, nakala hushuka. Hapa ndipo penye hatari: diski inayopokea hufutwa yote, pamoja na hesabu za wanachama zilizomo. Kwa hiyo hesabu hizo zihifadhiwe kwanza mahali pengine, na kompyuta moja ijaribiwe kabla ya zote. Makatibu walisimamie jambo hili wenyewe, wasimwachie fundi peke yake.