Tusimfiche Mgonjwa Habari za Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Jamii ya kambi, iliyosomwa Bugolobi, Kampala, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi



Siku hii ya 20 Juni ilianza kuwa yetu Waafrika kabla haijawa ya dunia nzima. Mkataba wa OAU juu ya wakimbizi ulipitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ukaanza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Mkataba huo ulihusu mipaka na hifadhi. Sisi leo tunataka kusema juu ya jambo la ndani ya nyumba: tumwambie nini mgonjwa wetu wakati nyumbani kunawaka moto?

Tumekuja kulisema hapa Bugolobi kwa sababu wapo wagonjwa wa kambini wanaopelekwa Hospitali ya Mulago, na wanaowauguza hupata pa kulala kwa jamaa wa upande huu wa mji. Mgonjwa analala hapa, watoto wake wako kambini, wadogo zake wamebaki Kongo. Habari zote zinapita katika simu ya anayemuuguza.

Ndugu zetu, tarehe 27 Januari 2025 vikosi vya M23 viliingia Goma, na mwezi wa Februari vikaingia Bukavu. Siku zile simu hazikulala. Tumeona nyumba ambamo mama mgonjwa alimwulizia mdogo wake kila jioni, na kila jioni akajibiwa kwamba mjomba ni mzima, ila simu yake haina moto. Watoto walikwisha kulia msiba huo jikoni, wakanawa uso, ndipo wakampelekea mama uji. Hatimaye akaja mgeni asiyejua lolote, akasalimu, akampa mama pole ya msiba. Mama hakulalamika kwamba ameambiwa. Alilalamika kwamba watoto wake walimlilia mdogo wake bila yeye.

Hatuwalaumu watoto wale. Walifanya hivyo kwa upendo, maana wazee wetu walitufundisha kwamba mgonjwa hatwishwi mzigo. Lakini wahenga walisema pia: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na msiba nao haufichiki katika nyumba ya chumba kimoja.

Tunao mfano wa kufuata. Vita vya mwaka 1994 vya Rwanda vilipotawanya watu, BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango kwa Kinyarwanda na Kirundi, ili waliopoteana watafutane kwa redio. Msalaba Mwekundu nao ulipeleka barua kutoka kambi hadi kambi. Barua hizo zilikuwa wazi, bila bahasha ya kufungwa, na ziliruhusiwa habari za jamaa tu, si siasa wala mambo ya askari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili barua ya namna hiyo haikuruhusiwa kuzidi maneno 25. Hata hivyo maneno 25 yalitosha kusema nani yu hai, nani amezaa, nani amehama.

Basi Kamati inashauri mambo matano.

Kwanza, jamaa wachague mtu mmoja wa kumpasha mgonjwa habari, na wageni wote wapite kwake kabla ya kuingia.

Pili, habari ithibitishwe. Uvumi wa simu na picha za maiti visifike kitandani. Aulizwe aliyeona kwa macho yake. Kama hatujui, tumwambie mgonjwa kwamba hatujui, tunatafuta.

Tatu, mgonjwa aulizwe anataka kujua kiasi gani. Aambiwe: "Mama, tuna habari ya mjomba, nayo si nzuri. Tukueleze sasa, au tumngoje dada afike?" Kama anapumua kwa shida au ametoka kupasuliwa, muuguzi aulizwe kwanza saa inayofaa. Kungoja siku mbili si kudanganya. Kusema "ni mzima" juu ya aliyezikwa, huko ndiko kudanganya.

Nne, tusimpelekee vifo peke yake. Mtoto aliyefaulu mtihani, mjukuu aliyeota meno, mahindi yaliyokomaa kambini, hizo nazo ni habari za nyumbani. Naye aachiwe kutuma zake, atoe shauri la mahari au la shamba. Kuugua hakumwondoi mtu katika ukoo wake.

Tano, tunawaomba wafanyakazi wa mashirika: mtoto wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa habari ya kifo kwa mama yake. Aitwe mtu mzima anayejua lugha. Na mnapogawa msaada wa mgonjwa, kumbukeni pia pesa ya simu, kwa sababu sauti ya nyumbani humpa mgonjwa nguvu ya kula na kumeza dawa.

Ndugu zetu, vita vimetunyang'anya mashamba na nyumba. Kilio cha pamoja hakuna aliyetunyang'anya, tusijinyime wenyewe. Mgonjwa anayeambiwa kweli kwa upole, huku ameshikwa mkono, ataomboleza pamoja na watu wake, na kesho yake atajua kwamba tukimwambia "fulani ni mzima", basi ni mzima kweli.

Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalinde waliobaki nyumbani.