Nani Atasikia Wito? Mada kuhusu Uchaguzi wa Simu ya Upepo kwa Safari za Magari Porini



Gari linalotoka Nkuhungu halihitaji mwendo mrefu kuiacha lami. Magharibi kuna mashamba ya mpunga ya Bahi, na mbele yake Manyoni, Itigi na pori linaloelekea Rungwa. Kaskazini kuna Chemba na Kondoa, pamoja na vilima vya Kolo vyenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kusini kuna Mtera na samaki wake. Mashariki kuna Mpwapwa na milima ya Kibakwe. Wakazi wa kata huzifuata njia hizo kwa sababu nyingi: kwenda minadani, kupeleka mbegu shambani, kurina asali, kusafirisha vifaa vya ujenzi, kuhudhuria harusi na misiba.

Hatari za njia hizo zinajulikana. Kati ya Desemba na Aprili, korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kujaa maji jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo dereva hakuona hata wingu. Magari mawili yakifuatana, la mbele huvuka na la nyuma hukwama. Dereva wa mbele hudhani mwenzake yu nyuma ya vumbi, naye huenda kilomita nyingi kabla ya kutambua kwamba yuko peke yake. Simu ya mkononi haina mtandao. Iwapo katika gari lililokwama yumo mgonjwa au mama mjamzito, saa mbili zinazopotea hapo haziwezi kurudishwa kwa fedha yoyote.

Ndiyo maana wamiliki wengi wa magari wameanza kuulizia simu za upepo, ambazo wengine huziita redio kolo. Swali linaloulizwa dukani mara nyingi ni hili: "Hii inafika kilomita ngapi?" Swali hilo lina nafasi yake, lakini linapaswa kutanguliwa na jingine lililo zito zaidi: nani atasikia? Simu ya upepo haitafuti mtu kama ifanyavyo simu ya mkononi. Hutoa sauti hewani, na sauti hiyo humfikia yule tu aliyewasha chombo cha aina ileile, katika masafa yaleyale, akiwa mahali ambapo mawimbi yanafika. Mtu huyo asipokuwepo, chombo cha shilingi milioni moja kina thamani sawa na filimbi.

Aina nne na wasikilizaji wake

Aina ya kwanza ni VHF, ambayo kwa magari hutumia masafa ya megahezi 136 hadi 174. Hii ndiyo inayoonekana zaidi katika magari ya watalii kwenye hifadhi za kaskazini, ambako madereva hupashana habari za barabara na za wanyama. Inafaa maeneo ya wazi na ya vichaka, na antena yake ya robo ya wimbi ina urefu wa nusu mita hivi, hivyo haisumbui juu ya gari.

Aina ya pili ni UHF, ya megahezi 400 hadi 470. Mawimbi yake hupenya vizuri kati ya majengo, kwa hiyo huzifaa hoteli, maghala na maeneo ya ujenzi mjini. Lakini majani na matawi huyameza mawimbi hayo zaidi kuliko yale ya VHF. Kwa msafiri anayeingia katika vichaka vizito vya Itigi, tofauti hiyo si ndogo.

Aina ya tatu ni HF, ya megahezi 3 hadi 30. Mawimbi yake yanaweza kugonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Kabla ya minara ya simu kuenea, vyombo hivi vilikuwa uhai wa zahanati na misheni za Afrika Mashariki: madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, walivitumia kupokea wito kutoka vituo vya mbali. Hata leo HF huwafaa wanaokwenda mbali sana na watu. Gharama yake ni kubwa, antena yake ni ndefu, na mtumiaji hana budi kujifunza masafa yapi yanafaa mchana na yapi yanafaa usiku.

Aina ya nne inahitaji tahadhari, kwa kuwa kwa sura haitofautiani na simu ya upepo. Ina kitufe cha kusemea na antena fupi, na muuzaji husema kwamba inaongea nchi nzima. Maneno hayo ni kweli, ila chombo hicho hutiwa laini ya simu na hutegemea minara ileile ya mitandao ya simu. Mahali ambapo simu ya mkononi imekufa, nacho kimekufa. Kinaweza kumfaa mwenye malori yanayopita barabara kuu kutoka Dodoma hadi Singida. Kwa gari linaloingia porini, ni kununua tatizo lilelile mara ya pili. Njia ya kukitambua ni rahisi: mnunuzi aulize kama kina mahali pa kutia laini, na kama kinaweza kuzungumza na kingine laini zikiwa zimetolewa.

Umbali wa kweli

Maboksi mengi yameandikwa kilomita 30, 50 au zaidi. Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Hivyo kinachoamua umbali kwanza ni urefu wa antena kutoka ardhini. Antena mbili zikiwa mita 2 juu ya uwanda usio na kizuizi, upeo wake ni kilomita 12 hivi. Kukiwa na miti, vichuguu na mabonde, umbali hupungua, na vyombo vya mkononi mara nyingi huishia kilomita chache tu. Antena moja ikiwa mita 100 juu ya bonde, upeo husogea hadi karibu kilomita 47. Kwa hiyo gari lililosimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kilimatinde lina nafasi ya kusikika mbali katika tambarare ya Bahi, ilhali magari mawili yaliyotenganishwa na kilima kimoja huko Kolo yanaweza kushindwa kusikizana kwa kilomita tatu.

Nguvu ya chombo ina msaada, lakini si kwa kiasi kinachodhaniwa. Chombo cha mkononi kwa kawaida hutoa wati 5, na cha kufungwa garini wati 25 au zaidi. Katika eneo la wazi, nguvu ikiongezwa mara nne, umbali huongezeka mara mbili tu, na nguvu yoyote haiwezi kuuondoa mlima. Mwenye fedha za kutosha jambo moja tu anapata faida zaidi kwa kuweka antena nzuri juu ya paa kuliko kwa kununua wati nyingi. Chombo cha mkononi kinachotumiwa ndani ya gari hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa sababu bodi ya chuma huyazuia mawimbi.

Kufunga chombo garini

Antena ikae katikati ya paa ikiwezekana. Ikifichwa pembeni ya keria iliyojaa mizigo, hupata kivuli upande mmoja. Antena yenye kitako cha sumaku ni rahisi kuhamisha, lakini haishiki kwenye bodi ya aluminiamu, kama ilivyo kwa Land Rover Defender nyingi. Hapo huhitajika kitako cha kufunga kwa skrubu. Fundi apime pia kama antena inalingana na masafa, kwa sababu antena isiyolingana hurudisha nguvu ndani ya chombo na kukiharibu. Kwa sababu hiyohiyo, kitufe cha kusemea kisibonyezwe kamwe antena ikiwa imechomolewa.

Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Malori mengi na baadhi ya magari makubwa hutumia volti 24, ilhali simu nyingi za upepo hutaka volti 12. Wapo mafundi wanaochukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Njia hiyo huchosha betri moja kuliko nyingine, na mwishowe gari hushindwa kuwaka. Kipunguza umeme kinachofaa ni rahisi kuliko betri mpya.

Kwa vyombo vya mkononi, vumbi la uwanda huu ni adui wa kila siku. Alama ya IP67 ina maana kwamba chombo hakiingizi vumbi na kinaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Mnunuzi aulizie pia betri ya akiba na chaja inayotumia umeme wa gari.

Matakwa ya sheria

Masafa ni rasilimali ya umma. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, matumizi yake husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Mnunuzi anapaswa kuhakikisha mambo mawili kabla ya kulipa: kwamba chombo kimeidhinishwa kutumika nchini, na kwamba ana leseni ya masafa atakayotumia. Ulaya kuna vyombo vya megahezi 446 vinavyotumika bila leseni, na Marekani kuna redio za chaneli 40 za megahezi 27 zinazopendwa na madereva. Ruhusa ya huko haisafiri pamoja na chombo. Anayeletewa zawadi na ndugu aliye ughaibuni aulize kwanza.

Jambo hili si la karatasi tu. Vyombo vingi vya bei nafuu vinaweza kuwekwa katika masafa yoyote kwa kubonyeza vitufe vichache. Mtu anayezungumzia bei ya mbuzi katika masafa aliyoyaokota anaweza kuwa anaziba wito wa chombo cha usalama au cha uokoaji, bila yeye kujua. Vikundi vya madereva, vyama vya ushirika na wamiliki wa magari wanaosafiri pamoja wanashauriwa kwenda TCRA kama kikundi na kueleza safari zao, ili waelekezwe juu ya masafa ya pamoja. Njia hiyo hujibu pia swali la msingi la mada hii, kwa kuwa wenye masafa mamoja ndio watakaosikizana.

Nidhamu ya matumizi

Chombo kizuri kisichokuwa na utaratibu hakiokoi. Kabla ya kuondoka, magari yote yajaribu mawasiliano yakiwa yamesimama, kisha yakiwa yameachana kilomita moja. Gari la mbele na la mwisho yawe na vyombo vyenye nguvu zaidi. Wakubaliane muda wa kuitana, kwa mfano kila nusu saa na kila baada ya kuvuka korongo. Wito usipojibiwa mara mbili, gari la mbele lisimame au lirudi hadi mahali pa juu na kuita tena. Atakayesema ataje kwanza jina la anayeitwa, kisha lake, aseme kwa ufupi na amalize kwa "ova", kwa kuwa wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Dereva aendeshe, maikrofoni ishikwe na abiria.

Gari linalosafiri peke yake halipati msaada kutoka kwa VHF isiyo na msikilizaji. Lina njia tatu: kutafuta mwenzi wa safari, kuwa na kituo cha nyumbani chenye antena ndefu kwa safari za karibu, au kubeba HF au simu ya setilaiti kwa safari za mbali. Na liko jambo la nne lisilogharimu chochote, nalo ni kumwachia mtu wa nyumbani jina la njia, idadi ya abiria na saa ya kufika, pamoja na maagizo ya nani wa kumpigia saa hiyo ikipita. Mtandao unapopatikana, namba za bure zibaki kichwani: 112 kwa dharura, 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na 115 kwa usafiri wa dharura wa mama mjamzito na mtoto mchanga kupitia mfumo wa m-mama.

Ndugu wakazi, mwenye kwenda dukani kesho na aende na maswali haya matano, kwa mpangilio huu. Nani atasikiliza upande wa pili? Kati yangu naye kuna uwanda, vichaka au milima? Antena itakaa wapi? Umeme wa gari ni volti ngapi? Leseni ya masafa iko wapi? Muuzaji akiyajibu yote ndipo waingie katika bei na wati. Akishindwa kujibu la kwanza, fedha na zibaki mfukoni hadi apatikane jirani wa kununua naye, kwa sababu simu ya upepo moja haijawahi kuzungumza na mtu.