Homa ya Mgunda na Ng'ombe wa Maziwa
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tukuyu)



Mwezi Julai 2022 wilayani Ruangwa, Mkoa wa Lindi, watu 20 waliugua homa na kutokwa damu puani. 3 kati yao walifariki. Serikali ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda. Lindi ni mbali na Rungwe, lakini mdudu wake hupenda unyevunyevu, panya na ng'ombe, na vyote hivyo Rungwe vimo.

Mdudu huyo huitwa leptospira. Ni bakteria mwembamba mno, aliyejizongomeza kama parafujo, na ncha zake zimepinda mithili ya kulabu. Hadubini ya kawaida haimwonyeshi vizuri. Hukaa katika figo za mnyama na kutoka kwa mkojo. Katika matope au maji yaliyotuama huweza kuishi kwa majuma kadhaa. Ukavu na jua kali humwua. Humwingia mtu kwa mchubuko wa ngozi, macho au kinywa.

Wataalamu wamempanga katika spishi zaidi ya 60 na koo zaidi ya 200. Ukoo wa Hardjo ni wa ng'ombe, Canicola wa mbwa, Pomona hasa wa nguruwe. Upo hata ukoo uitwao Sokoine, uliopatikana kwa ng'ombe hapa Tanzania. Mpango huu si anasa ya maabara: chanjo ya ukoo mmoja haikingi ukoo mwingine.

Ng'ombe aliyeambukizwa aweza kupungukiwa maziwa ghafla au kutupa mimba. Magonjwa mengine pia hutupisha mimba. Kwa hiyo asilaumiwe jirani wala mchawi, bali aitwe bwana mifugo achukue vipimo. Ndama aliyetupwa asishikwe kwa mikono mitupu, wala asipewe mbwa, azikwe.

Kila katibu anashauriwa kuandika daftarini ng'ombe waliotupa mimba, tarehe na kijiji. Kila mwanachama avae viatu vya mpira zizini, azibe majeraha, atoe maji yaliyotuama na kufukuza panya ghalani.

Mwenye homa, maumivu ya misuli ya miguu au macho ya njano asijitibu malaria nyumbani. Aende hospitali mapema, na amweleze mganga kwamba anafuga ng'ombe. Dawa zipo, nazo hufaa zaidi zikiwahi. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yake.