Vitafunio Wakati wa Kuangalia Mpira Usharikani

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za afya na diakonia za sharika)



Nimeombwa nizungumzie lishe, na najua wengi mlitegemea ule mchoro wa makundi ya vyakula. Mchoro nimeuacha ofisini. Nitazungumzia mpira.

Mnakumbuka kwamba Agosti 2025 nchi yetu iliandaa mashindano ya CHAN kwa pamoja na Kenya na Uganda. Usharika mmoja wa dayosisi yetu ulifungua ukumbi wake jioni ili vijana wamwangalie Taifa Stars pale, badala ya kubanana kwenye vibanda umiza. Tarehe 2 Agosti, siku tulipoifunga Burkina Faso mabao 2-0, ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Wakati wa mapumziko nilitoka nje, nikamkuta mzee mmoja wa kanisa anajiandaa kuondoka. Nilimwamkia, nikamuuliza mbona anatuacha na mpira bado. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nina kisukari na dawa nimeshameza. Nikikaa bila kula nitaishiwa nguvu. Nikila vya humo ndani, sukari itapanda. Acha nikasikilize redioni nyumbani."

Vya humo ndani vilikuwa chipsi, sambusa, maandazi na soda. Na bango letu la mradi wa afya lilining'inia juu ya meza hiyo hiyo ya chipsi. Niliona aibu.

Ndugu zangu, soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, nasi tulikuwa tumeweka kopo la chumvi mezani kila mtu ajinyunyizie. Halafu mtu anayeangalia mpira hajui amekula kiasi gani. Mkono unakwenda kwenye sahani wenyewe, macho yako golini.

Jaribio letu la kwanza lilishindwa, na kosa lilikuwa langu. Siku ya mechi na Mauritania nilileta masinia ya papai na tikiti, nikaomba kipaza sauti, nikahubiri lishe kwa dakika kumi. Vijana walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kununua chipsi nje ya geti. Papai tuligawana na watoto wa mwinjilisti.

Baada ya hapo nilikaa na akina mama wanaopika, nikawasikiliza wao. Mama mmoja alisema kitu ambacho sikukipata chuoni: chakula cha mpira lazima kilike kwa vidole, gizani, bila sahani, na kiwe karibu na mkono kuliko chipsi. Tukaanzia hapo. Muhogo ulichemshwa, ukamaliziwa juu ya mkaa, ukatolewa na ndimu na pilipili. Ukiwa na ndimu, watu hawaulizi chumvi. Bisi zilipikwa kwenye sufuria kubwa yenye kifuniko kwa mafuta kidogo. Mayai ya kuchemsha yalitolewa na kachumbari. Karanga tulizichemsha na maganda yake, na hili napenda mlizingatie: mtu anayemenya karanga moja moja hula polepole, na mechi huisha kabla hajashiba kupita kiasi. Ila chambueni vizuri. Karanga yenye kuvu au iliyosinyaa itupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupika. Wenzetu wa Dodoma na Manyara waliathirika mwaka 2016 kutokana na mahindi yenye sumu hiyo.

Sambusa hatukuziondoa. Zilifanywa ndogo, za dengu na karoti, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi hayakurudishwa jikoni siku ya pili.

Sasa niseme la fedha, maana wafadhili wetu wapo hapa na akina mama wapo. Mama mweka hazina aliniambia wazi, "Mratibu, wewe una mshahara, sisi tusipouza chipsi, watoto wetu wanarudishwa shule." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Tulipopiga hesabu pamoja mwisho wa mashindano, mauzo yalikuwa yamepungua kidogo, lakini kilichobaki mkononi hakikupungua, kwa sababu mafuta ya kupikia ndiyo yaliyokuwa yakila faida. Matunda yalitutia hasara mpaka mwisho. Mimi nisingeyarudia, ila ndizi mbivu nzima.

Soda ilitushinda. Faida yake ndiyo inayolipa ada ya king'amuzi, na sitawadanganya kwamba tumepata njia nyingine. Tulichofanya ni kuweka ndoo mbili zenye bomba za maji safi na baridi, bure, katikati ya ukumbi, na soda ikahamishiwa dirisha la nyuma. Anayeitaka anainuka na kuifuata. Wengi hawakutaka kukosa bao.

Usiku wa tarehe 22 Agosti, robo fainali na Morocco, yule mzee alikaa mstari wa mbele na mayai yake mawili na karanga. Tulifungwa 1-0. Alinilaumu mimi kwa matokeo, lakini alikaa hadi filimbi ya mwisho.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 uenyeji wa AFCON ya 2027. Sharika zinazotaka kujiandaa mapema zitahitaji sufuria kubwa, jiko la mkaa, ndoo za maji na akina mama walioshirikishwa tangu kikao cha kwanza. Luninga hatuombi. Katibu wa semina ana fomu, na mama mweka hazina amekubali kuja kuonyesha hesabu zake kwa usharika wowote utakaomlipia nauli.