Tupime Kabla ya Kuchimba
Maneno yaliyotolewa kwenye harambee ya maji



Kila mwaka tunaulizana: tumechimba visima vingapi? Leo naomba tuulizane vinatoa maji kiasi gani, na ni maji ya namna gani.

Kwetu ni nchi ya majabali. Chini ya udongo kuna mwamba mgumu, na maji hukaa kwenye nyufa zake. Ukikosa ufa, mtambo utachimba siku nzima utoe vumbi tu, na mkandarasi atadai fedha yake vilevile. Ndiyo maana mtaalamu hupima ardhi kwanza, na Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, hapo hapo Singida mjini, hutoa kibali kabla ya kuchimba.

Tufanye hesabu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 3,000 kinahitaji lita 75,000 kila siku na vituo 12. Pampu ikifanya kazi saa 10, kisima kitoe lita 7,500 kwa saa bila kukaukiwa. Maji yakiruka siku ya uzinduzi tunapiga vigelegele, lakini uwezo wa kisima hujulikana kwa kuendesha pampu mfululizo, usiku na mchana, na kupima maji yanavyoshuka na kurudi.

Kuna pia floridi. Ikizidi, meno ya watoto huwa kahawia, na ikizidi sana huharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji yaende maabara kabla hatujanunua bomba hata moja.

Ombi langu: michango ya leo ilipie kwanza upimaji na maabara, kisha uchimbaji, na ibaki akiba ya matengenezo. Upimaji ukionyesha kwamba kijiji cha kwanza kwenye orodha hakina maji, tukachimbe cha jirani na kuvuta bomba. Najua hilo litauma. Tukubaliane leo, hata kikiwa kijiji changu.

Karibuni tuchangie.